Harambee ya mwalimu wetu wa kwaya: uloto umepatikana, fedha bado

Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu waamini na marafiki wa kigango chetu, tunabisha hodi tena kabla hata jasho la mchango wa mabati halijakauka. Tunaona haya. Ila safari hii si paa.

Mwalimu wetu wa kwaya ana saratani ya damu. Dawa za miezi mitano zimeutuliza ugonjwa, ndiyo maana mlipomwona Pasaka mkadhani amepona. Hajapona. Madaktari wanataka apandikizwe uloto sasa, ugonjwa ukiwa umelala. Ukiamka, kazi itakuwa ngumu zaidi.

Uloto ni ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu. Atapewa dawa kali za kuufuta wake, kisha atawekewa chembe za nduguye kwa dripu, kama mtu anayeongezewa damu tu. Hapasuliwi. Lakini wiki mbili tatu atabaki hana kinga, na hata akitoka wodini itambidi akae jirani na hospitali mpaka zitimie kama siku 100. Hizo ndizo zinazotukosesha usingizi: kodi ya chumba, chakula cha watu wawili, vipimo kila mara.

Wapo waliouliza kwa nini si Dodoma, ambako Hospitali ya Benjamin Mkapa inawapandikiza watoto wenye selimundu. Nasi tuliuliza. Kwa ugonjwa wake ameelekezwa Chennai, India.

Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kufanana na mgonjwa. Walipimwa wanne, akapatikana kitinda mimba, yule wa bodaboda. Nanyi mnaomtisha kijiweni kwamba atapooza, mwacheni kijana wa watu. Uloto wake utajijaza tena ndani ya wiki chache. Yeye anatoa cha ndani ya mifupa yake. Sisi elfu kumi tunaitolea udhuru, na kadi za harusi mwaka huu tumezilipa bila kununa!

Bahasha zipo kwa wenyeviti wa jumuiya. Mapato na matumizi yatasomwa Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, risiti zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Harambee ni Jumapili ijayo baada ya misa ya kwanza. Asiye na fedha alete kuku, mkungu wa ndizi, hata debe la mahindi. Tutanadi papo hapo. Kinanda atapiga mwanafunzi wake, mmvumilie.