Risala ya Wanafunzi wa Udaktari kwa Mgeni Rasmi kuhusu Utafiti wa Magonjwa ya Ngozi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wahadhiri wetu, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wanafunzi wa udaktari tunaojifunza magonjwa ya ngozi, tunakukaribisha kwa heshima na kukushukuru kwa kukubali kutusikiliza. Tumeamua risala hii isiwe orodha ya shida za chama chetu, ingawa zipo. Tunataka kukueleza jambo moja: utafiti wa kutambua magonjwa ya ngozi haupewi uzito unaopewa utafiti wa dawa, na anayeumia kwa pengo hilo ni mgonjwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, kwa kuwa ngozi huonekana kwa macho, wengi hudhani kwamba maradhi yake hayahitaji kipimo. Hata hivyo, choa (ugonjwa wa fangasi), ukurutu (ekzema) na soriasisi, ugonjwa sugu wa ngozi usioambukiza, vyote vinaweza kujitokeza kama baka lenye magamba na muwasho, ilhali tiba zake hazifanani. Krimu ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, hutuliza ukurutu, lakini ikipakwa kwenye choa hupunguza muwasho kwa muda huku fangasi wakiendelea kusambaa, na baka hubadilika sura kiasi kwamba hata daktari mzoefu huweza kukosea. Kipimo cha kuondoa shaka hiyo hakina makuu: daktari hukwangua magamba machache, huyadondoshea haidroksidi ya potasiamu ili kuyalainisha, kisha hutafuta nyuzi za fangasi kwa hadubini. Inatushangaza kwamba kipimo chepesi namna hii hurukwa, na mgonjwa akapewa krimu yenye mchanganyiko wa steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki kwa kubahatisha. Watafiti wanayataja matumizi holela ya krimu hizo miongoni mwa sababu zinazodhaniwa kuchangia kuenea kwa fangasi sugu aitwaye Trichophyton indotineae, ambaye mara nyingi hasikii tabinafini, dawa ya kutibu fangasi, na ambaye kutoka Asia ya Kusini amekwisha kufika katika mabara mengine.

Pengo hilo huwa kubwa zaidi kwa wagonjwa wenye ngozi nyeusi. Tunafundishwa kutafuta wekundu, lakini katika ngozi nyeusi uvimbe uleule huweza kuonekana wa zambarau, wa kijivu au wa kahawia iliyokolea, na picha za vitabuni kwa kiasi kikubwa ni za ngozi nyeupe. Kasoro hiyo imeingia hata katika teknolojia mpya. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba programu ya akili unde, iliyofunzwa kwa picha karibu 130,000, iliweza kutambua saratani ya ngozi kwa kiwango kinacholingana na cha madaktari bingwa. Mwaka 2022 ukachapishwa utafiti mwingine uliopima programu za aina hiyo kwa picha za ngozi za rangi mbalimbali, ambazo majibu yake yalithibitishwa kwa kukata kinyama na kukipima maabara. Programu zilifanya vibaya zaidi kwenye ngozi nyeusi, na madaktari waliotazama picha hizo nao hali kadhalika. La kutia moyo ni kwamba programu zilipofunzwa zaidi kwa picha hizo, tofauti ilipungua sana. Kilichokosekana, basi, kilikuwa picha.

Kwa upande wa tiba, utafiti uliotuvutia zaidi ni ule wa upele wa skabi, unaoletwa na vimelea wadogo wanaochimba ngozini, uliofanyika visiwani Fiji na kuchapishwa mwaka 2015. Jamii nzima zilipewa ivermektini, dawa ya kumeza ya kuua vimelea, na baada ya miezi 12 kiwango cha upele kilishuka kutoka asilimia 32.1 hadi 1.9; waliopewa permethrini ya kupaka walishuka kutoka asilimia 41.7 hadi 15.8. Hata hapo suala la utambuzi halikwepeki, kwa sababu takwimu za upele za nchi mbili haziwezi kulinganishwa iwapo kila nchi inautambua kwa namna yake. Vigezo vya pamoja vya kimataifa vya kuutambua vilichapishwa kwa ukamilifu mwaka 2020, miaka mitatu baada ya Shirika la Afya Duniani kuuingiza upele katika kundi la magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika.

Ndugu Mgeni Rasmi, mwezi Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyapa magonjwa ya ngozi kipaumbele katika afya ya jamii. Kwa kutumia azimio hilo, tunakuomba utusaidie kuanzisha hazina ya picha za ngozi za rangi zote, zinazopigwa kwa ridhaa ya wagonjwa, zisizoonyesha utambulisho wao, na zenye majibu yaliyothibitishwa kwa vipimo. Tunaomba pia kila kliniki tunakofanyia mazoezi iwe na hadubini inayofanya kazi na mtu anayejua kuitumia, kwani hadubini iliyofungiwa kabatini haimsaidii mgonjwa. Sisi tuko tayari kukusanya na kupanga picha hizo chini ya usimamizi wa wahadhiri wetu, mara tu kamati ya maadili ya utafiti itakapotoa kibali.

Tunaomba kuwasilisha.