Mama, naifuta kauli yangu

Dresden, Jumapili usiku

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, na baridi imeanza kupungua. Nasikia mvua ya Tukuyu haijakata tangu wiki iliyopita na njia ya kushukia shambani ni utelezi mtupu. Tafadhali usiende kukata ndizi peke yako, vijana wapo. Hela ya mbolea ya chai nimeituma, utaiona kwenye simu.

Nimeandika kwa sababu jambo hili kwenye simu lingenishinda. Ungeniambia, "Basi mwanangu, yameisha," nami ningekubali upesi.

Unaikumbuka Krismasi ya mwisho niliyokuja. Tumetoka kanisani tumelowa, mbalaga yetu ya ndizi iko mezani inatoa mvuke. Mdogo wangu akaja na jagi na beseni kuninawisha, mtoto amelala mgongoni. Nikalichukua jagi mkononi mwake, nikaenda mlangoni, nikanawa mwenyewe. Sikusema neno, lakini kitendo kile kilikuwa kauli. Yeye akabaki ameshika beseni halina tone la maji, na wewe Mama ukageuka kufunua sufuria uliyokwisha kuifunua. Baba mdogo alikuwa pale, akaelewa. Tangu siku ile hajamwita kwenye shughuli yoyote ya ukoo, na najua ni mimi niliyemwonyesha njia.

Asubuhi ya siku hiyohiyo, kanisani, mdogo wangu alikuwa amekaa benchi la mwisho karibu na mlango, maana alikuwa ametengwa kwa kupata mimba bila ndoa, na bado hajarudi kundini. Mvua ilikuwa inarushwa na upepo hadi miguuni pake. Wakati wa Meza ya Bwana nilipita karibu naye kwenda na kurudi, sikumtazama. Nilijiona nimesimama upande wa Mungu.

Nimelifikiria sana hilo. Kanisa lina taratibu zake, na aliyetengwa anajua siku itafika atasimama mbele ya ushirika, atapokewa, atakaa tena na wenzake. Naye alipokewa, Pasaka iliyofuata, wewe mwenyewe ulinisimulia ulivyolia. Mimi sikumpokea. Wazee wa kanisa walimaliza shauri lake, nami nikaendelea nalo miaka miwili zaidi, huku nikiuliza habari za nyumbani kwa kusema "huyo mtoto", kana kwamba hana jina. Na nikisema kweli yote, dhambi haikuniuma kiasi kile. Kilichoniuma ni watu wa Tukuyu watasemaje juu ya nyumba yetu, mimi niliyekuwa nimeshaanza kusifiwa kwamba niko Ulaya.

Kilichonifungua macho ni maneno yaliyonifikia mwaka huu kwamba kule nyumbani inasemwa nimeacha kanisa. Mtu alipita hapa siku mbili, Jumapili akaniona sikwenda ibadani, akarudi na habari. Mama, Jumapili ile nilikuwa zamu. Kwenye nyumba ya wazee hakuna siku ya kupumzika, mgonjwa anageuzwa kitandani Jumapili kama Jumatatu. Yule bibi ninayemhudumia huwa namwimbia wimbo wa kitabuni kwa Kiswahili nikimwosha miguu, na ananishika mkono hadi beti ziishe. Hayo msemaji hakuyaona. Niliumia usiku kucha, nikawa namjibu peke yangu gizani, na katikati ya kumjibu nikaliona jagi. Mimi niliona nini cha maisha ya mdogo wangu? Niliona tumbo. Sikuuliza aliahidiwa nini, aliachwaje, alilala njaa mara ngapi pale Mbeya mjini akiogopa kurudi nyumbani, akiniogopa mimi.

Nilipopata siku ya mapumziko nilipanda treni hadi Löbau, kisha basi hadi Herrnhut. Nilitaka kuona mji wa Wamoravian, waliowatuma wamisionari waliofika kwetu Rungwe mwaka 1891. Ni mji mdogo, mtulivu. Nilipanda hadi makaburini, kwenye mteremko wa kilima cha Hutberg. Makaburi ya familia ya Zinzendorf, yule bwana mwenye ardhi ulikojengwa mji, ni makubwa, yako katikati. Mengine yote, Mama, ni mawe bapa yaliyolazwa chini, yanafanana, safu kwa safu. Hawazikwi kwa koo. Kila mtu analazwa karibu na aliyemtangulia kufa, wanaume upande wao, wanawake upande wao. Nilitembea muda mrefu nikisoma majina, na hakuna jiwe linalokwambia huyu alikaa benchi la mbele na huyu la nyuma.

Na mji wenyewe ulikaribia kuvunjika kwa kuhukumiana. Wakimbizi wa imani kutoka Moravia, katika Cheki ya leo, walianza kuujenga mwaka 1722, na baada ya miaka michache walikuwa wanagombana juu ya nani anaamini sawasawa. Wakatembeleana, wakazungumza, wakaomba, hadi tarehe 13 Agosti 1727 wakashiriki pamoja Meza ya Bwana katika kanisa la Berthelsdorf, kijiji cha jirani. Meza ileile ambayo mimi niliiendea nikiwa nimempita mdogo wangu.

Unakumbuka Baba akipiga randa, vumbi la mbao likaniingia jichoni? Ulinawa kwanza. Ukanikalisha mlangoni penye mwanga, ukanishika kichwa, ukakitoa kibanzi kwa ncha ya kanga, ukinibembeleza nisifumbe. Nimelirudia lile neno la Bwana katika Mathayo 7 juu ya kibanzi na boriti, na naona hakusema kibanzi kiachwe. Alisema kwanza boriti itoke, ndipo uone vizuri. Mdogo wangu alikosea, yeye mwenyewe alikiri mbele ya watu. Lakini mkono wangu mimi haukuwa kama wako pale mlangoni.

Jumatano nilimpigia simu. Nilimwomba radhi kwa ajili ya jagi, nikalitaja jagi lenyewe. Alinyamaza sana, kisha akasema, "Kaka, nilidhani umesahau." Akalia, nami nikalia. Hakusema amenisamehe na sikumlazimisha aseme.

Kwako wewe Mama naomba radhi pia, maana ulikuwa na watoto wawili mezani na nikakulazimisha kuchagua pa kutazama. Na ninakuomba jambo moja. Baba mdogo akija, msomee ukurasa huu, asisikie kwa mtu mwingine. Mwambie mimi ndiye niliyesema, na mimi ndiye ninayefuta. Kwenye kikao cha ukoo mwezi wa saba naomba mdogo wangu aitwe, akae nanyi.

Kuna kifurushi kinakuja na mtu wa Uyole. Dawa yako ya miguu iko ndani, na koti la mvua la mtoto, la njano, lina kofia. Ndani ya kola nimeliandika jina lake lote kwa kalamu isiyofutika, na la ukoo wetu mwishoni.

Ndaga fijo, asante sana, Mama.

Mwanao