Risala kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Maonyesho ya Michoro, Mathare, Nairobi

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, chifu wetu, wazee wa mtaa, washauri nasaha mliofika, wazazi, majirani na wanakikundi wenzangu, hamjambo?

Kwa niaba ya wanakikundi 31 ninayo furaha kukukaribisha katika ukumbi huu. Tunajua barabara ya kuingia hapa ina mashimo na matope, na tunashukuru kwamba hukugeuza gari.

Mheshimiwa, kikundi chetu kilizaliwa baada ya mafuriko ya Aprili 2024, usiku ule Mto Mathare ulipofurika ukabeba mabati, vitanda na watu. Mwezi uliofuata nyumba nyingi za kando ya mto zilibomolewa, hata walionusurika na maji wakajikuta nje na magodoro yao. Wakati huo tulikuwa watu 6, na tulikuwa tukikutana Jumamosi katika darasa la chekechea. Tulikuwa na penseli na karatasi za manila tu, na nia yetu ilikuwa kuwashughulisha watoto wakati mama zao wakitafuta nyumba ya kupanga. Haukupita muda mama wenyewe wakaanza kuketi kwenye vile viti vidogo, magoti yakigusa kidevu, wakaomba nao karatasi.

Mmoja wao, mama mboga, alichora mlango. Jumamosi nne mfululizo alichora mlango tu, bila nyumba wala ukuta. Tukimjulia hali anajibu, "Niko sawa." Jumamosi ya tano akachora maji yanapita chini ya ule mlango, akauweka mkono wake juu ya karatasi, akasema: "Nilikuwa nasukuma. Kumbe ulikuwa wa kuvuta." Ametupa ruhusa tukueleze hayo, na hatutaongeza neno.

Mheshimiwa, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa mtaani methali hiyo hutupiwa kila anayenyamaza. Tumejifunza kwamba mara nyingine inamwonea mtu. Yule mama hakuwa anaficha. Maneno hayakuwapo. Miaka ya 1990 watafiti nchini Marekani waliwapiga picha za ubongo watu wachache waliopatwa na masaibu makubwa, huku wakisomewa habari ya yaliyowapata. Sehemu iitwayo Broca, ambayo humsaidia binadamu kuunda maneno, ilipunguza kazi, na sehemu zinazohusika na kuona zikachangamka. Utafiti ulikuwa mdogo, lakini sisi tulipousikia kwa mshauri wetu tulitazamana. Tulikuwa tumeyaona hayo kwenye viti vya chekechea: tukio linarudi kama picha, na mdomo umefungwa.

Jambo lenyewe, la kuchora ili moyo upone, si geni duniani. Mchoraji Mwingereza Adrian Hill ndiye anayetajwa kuanzisha jina "tiba ya sanaa", mwaka 1942, baada ya kujichorea akiwa mgonjwa wa kifua kikuu hospitalini. Miaka hiyohiyo, katika kambi ya Wanazi ya Terezín, Friedl Dicker-Brandeis aliwafundisha watoto wafungwa kuchora. Alipopelekwa Auschwitz mwaka 1944, alikouawa, aliacha masanduku mawili yenye michoro ipatayo 4,500. Karibu kila mchoro una jina la mtoto, kwa sababu alisisitiza watie sahihi. Nasi hapa tunatia sahihi, au alama, kwa asiyetaka jina lake lijulikane.

Risala za kusifu tu zimezoeleka, kwa hiyo turuhusu pia tukueleze makosa yetu. Siku za mwanzo mtu wetu mmoja wa kujitolea aliona mtoto amepaka karatasi nzima rangi nyeusi. Akainama kwa huruma, akamwambia, "Naona una huzuni nyingi." Mtoto akamjibu kwamba wenzake walikuwa wamechukua krayoni zote nzuri. Tangu siku hiyo hakuna anayeruhusiwa kumfasiria mtu mchoro wake. Tunasema "Niambie kuhusu picha yako," kisha tunanyamaza.

Kosa la pili halikuwa la kuchekesha. Tulileta rangi za maji na brashi, zawadi ya msamaria mwema, tukawapa watu wote siku moja. Rangi ya maji haishikiki kama penseli. Inatiririka, na yaliyomo moyoni nayo yanatiririka. Dada mmoja alimwaga kila kitu kwenye karatasi tatu. Muda ukaisha, tukafunga darasa, tukampigia makofi. Hakulala siku tatu. Tulikuwa tumefungua kidonda, tukaenda zetu nyumbani kunywa chai.

Hapo ndipo tulipomtafuta mshauri nasaha aliyesajiliwa, maana Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, na kujitolea kwetu hakutufanyi kuwa wataalamu. Yeye ndiye aliyetupangia kazi upya. Sasa tunaanza na penseli, au kukata picha za magazeti ya zamani na kubandika kwa gundi, kwa wale wanaosema hawajui kuchora. Rangi ya maji inakuja baadaye sana, kwa anayeitaka. Tunachora kwa dakika 40, kisha tunazungumza, wengine kwenye duara, wengine faraghani na mshauri. Wala mazungumzo hayaanzi na "wewe". Mshauri anauliza, "Huyu mtu aliye pembeni mwa karatasi anaona nini? Angetaka nani aje?" Mtu anaweza kumsemea wa kwenye karatasi kwa wiki nyingi kabla hajasema "mimi". Baada ya hapo mazungumzo hufanya kazi ambayo penseli haiwezi: kuweka tukio katika mpangilio wa jana na leo, kumuuliza mama kama kweli lilikuwa kosa lake, na kupanga atafanya nini mvua ikianza kugonga mabati usiku.

Mwisho wa kila kikao mchoro unaingia kwenye sanduku la bati, na mwenyewe anafunga kufuli. Wapo wanaosema usingizi wao umerudi kwa sababu ya sanduku hilo kuliko jambo lolote jingine.

Si wote waliozungumza, mheshimiwa. Tuna mzee aliyekuwa mjini tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa na watu zaidi ya 200 wakafa, wengi wengine wakipoteza macho kwa vigae vya vioo. Anachora madirisha yasiyo na vioo. Hajatuambia lolote. Huja kabla ya wote, hupanga viti, na hatumharakishi.

Sasa tunakuja kwenye maombi, na hapa tunaomba utuwie radhi. Tumeona maboksi yaliyoshushwa kutoka garini mwako, na tunashukuru kwa rangi. Lakini kama tungeulizwa, tungeomba mtu. Mshauri wetu anakuja Jumamosi mbili kwa mwezi, kwa nauli tunayochanga, na hizo Jumamosi nyingine tunachora mambo mepesi tu, kwa makusudi, ili tusifungue tusichoweza kufunga. Tunaomba mshauri wa kulipwa kila Jumamosi kwa mwaka mmoja. Tunaomba pia chumba chenye mlango, kwa sababu darasa la chekechea lina dirisha upande wa njia, na wapita njia huchungulia. Rangi zikiisha tutajua la kufanya. Tumeshachora kwa makaa.

Ombi la mwisho linawahusu waandishi wa habari na wenye simu. Utaona ukutani kuna nafasi tupu 9, na chini ya kila moja kuna kipande cha karatasi chenye alama tu. Hatukuishiwa na michoro. Wenyewe walikubali michoro yao itundikwe, kisha jana jioni wakabadili mawazo, nasi tukaishusha. Tumepata maombi ya kuuza baadhi ya kazi hizi, na kikundi kimekataa, ingawa hela tunazihitaji. Picha ya usiku ule si bidhaa mpaka mwenyewe aseme ni bidhaa. Kwa hiyo tunaomba pasipigwe picha bila kumwuliza mwenye mchoro, naye akikataa, asibembelezwe.

Mheshimiwa, mama wa mlango yuko hapa, amekuja na mandazi ambayo mtayala baada ya hotuba yako. Mlango wake wa kwanza ni mchoro wa tatu kutoka kushoto. Karibu uzunguke utazame. Ukifika kwenye nafasi tupu, simama kidogo, kisha upite.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi wanakikundi,
Risala imesomwa na Katibu