Nimeshindwa kumsamehe aliyelipua ukuta wa maji

Mhariri, asalaam aleikum,

Mie msomaji wako wa huku Mkoani, Pemba, naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa moyoni. Kaka yangu alikuja likizo akaniletea riwaya ya Kiingereza, The Drowned World ya J.G. Ballard, ya mwaka 1962, nikaisoma siku tatu usiku. Inasisimua wallahi, jua limechachamaa mpaka barafu za ncha za dunia zimeyeyuka, London iko chini ya maji, watu waliobaki wamekimbilia kwenye baridi, na ndani ya maofisi wanakaa mijusi wakubwa tu. Mtaalamu mmoja wa viumbe hai, Dk. Kerans, anaishi juu kabisa ya hoteli ya Ritz.

Sasa kuna mahali pameniuma. Anakuja mtu anaitwa Strangman na mapampu yake, anayazuia maji kwa ukuta na kuyavuta mpaka mitaa inaonekana tena, tope tupu. Strangman kaja kupora, sikatai. Lakini Kerans anakwenda kuutia bomu ule ukuta ili maji yarudi, na mwandishi anataka tuwe upande wake! Nilikifunga kitabu nikatoka nje.

Kwa sababu sie bonde letu la mpunga, bibi yangu kalilima tangu yu kigori, siku hizi kila bamvua maji ya chumvi yanapanda, mpunga unageuka manjano unakauka umesimama, tukajenga tuta kwa mikono, wanaume, wanawake, watoto wa skuli, mawe na udongo na magunia ya mchanga, bamvua la pili likalipasua, tukajenga tena. Nilipomsimulia bibi habari za Kerans akaniuliza, "Kwani hapo palikuwa hapana watu wanaokula?" Sikuwa na jibu, maana kweli kitabuni wote wameshahama, hamna hata mmoja anayelilia shamba lake.

Na jengine, kwenye riwaya kosa ni la jua, hamna wa kuulizwa. Letu lina wenyewe. Moshi wa viwanda na magari ya nchi tajiri ndio umeipasha dunia joto bahari ikajaa, na mikoko iliyokuwa ikivunja nguvu za mawimbi tumeikata sie wenyewe kwa kuni na makaa. Mie ningetaka riwaya ianzie hapo hapo, kwenye ugomvi wa nani kakata, ndugu kwa ndugu.

Kwa hiyo Mhariri nakuomba, toa ukurasa mmoja kila wiki wa hadithi ya kuendelea, iwe Pemba ya mwaka 2100, kwa Kiswahili chetu, maji yamefika barabarani lakini watu bado wapo na bado wanalibishania tuta. Waandishi Unguja na Pemba tunao. Atakayekubali aje mwezi mpevu, nitampeleka mwenyewe bondeni akaone maji yanapoingilia.