Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Banda la Kuundia Vyombo, Nungwi

Wazee wetu, mafundi, manahodha, kina mama wa kamati ya chakula na ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Kikao hiki kilitangazwa kuanza saa tatu. Tumeanza saa tano kasorobo kwa sababu akidi ilikuwa haijatimia, na hapa nilipo nawaona watu ambao simu zao tumezipiga asubuhi hii hii. Nitalirudia jambo hili.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Kamati imekaa vikao vinane. Paa la banda limeezekwa upya kwa makuti mapya upande wa kusini. Tumeunda mashua moja ya futi 24 na ngalawa mbili, tumetia kalafati, yaani kuziba maungio ya mbao kwa pamba, na kubadilisha mbao katika vyombo saba vya wanachama, na vijana sita wako bandani wakijifunza. Ngalawa yetu ilishindana katika resi ya sikukuu ikashika nafasi ya tatu. Tumezika wanachama wawili, Mungu awarehemu. Hayo ndiyo ya mwaka.

Kuhusu mbao, nataka ieleweke kazi iliyofanyika. Mbao nzuri siku hizi hazipatikani hapa Unguja, zinatoka bara, na kila ubao lazima uwe na kibali chake cha kuvunwa na cha kusafirishwa. Mvule wa ubavuni na mbambakofi wa mkuku, uti wa chini wa chombo, nilivifuatilia mimi mwenyewe mpaka vikateremshwa Mkokotoni, nikasimama juu ya kila ubao kutazama nyufa na fundo. Mataruma, mbavu za chombo, tulipata ya mtondoo na ya mwembe, yenye kupinda kwa maumbile yake, siyo yale yanayokatwa kwa msumeno yakavunjika mwaka wa pili. Fundi mkuu ni shahidi yangu. Aliniambia mbele ya vijana kwamba mbao za namna ile hajazigonga tezo kwa miaka mingi.

Sasa nije kwenye suala la kushua mashua, yaani kuishusha majini, ambalo limesemwa sana barazani, kwenye kundi letu la WhatsApp na hata kisimani, na mimi nimenyamaza mpaka leo ili nilisemee mahali pake.

Linalosemwa ni kwamba mwenyekiti amevunja mila, amelipa vibarua kushua chombo, na amezitumia fedha za chama bila kuitisha kamati. Nayajibu yote.

Mashua ilimalizika mwishoni mwa Agosti. Mkataba na mnunuzi ulisema chombo kiwe majini kabla ya Septemba kwisha, na shilingi 500,000 alizizuia mpaka siku hiyo. Tukachagua bamvua la Septemba, yaani yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maana kila baharia hapa anajua kuwa maji ya bamvua la mwezi huo ndiyo makubwa kuliko ya miezi mingi. Banda letu liko juu pwani. Siku ya bamvua tunakivuta chombo asubuhi maji yakiwa yametoka, tunakiweka chini juu ya magadi, miti ya kukitegemeza, na maji yakijaa alasiri yanakiinua yenyewe. Maji mafu, yale madogo ya kati ya bamvua na bamvua, hayafiki pale. Ukiikosa siku, unangoja bamvua jingine, wiki mbili nzima.

Na chombo hakingoji vizuri. Pamba ilikwisha kugongwa, deheni, yaani shahamu na chokaa za kupaka chombo, ilikwisha kupakwa siku mbili nyuma. Mashua ikikaa juani wiki mbili, mbao zinakauka na kusinyaa, pamba inalegea, deheni inapasuka na kumeguka. Siku utakayoishua itakunywa maji mbele ya mnunuzi. Kalafati irudiwe, shahamu na chokaa vinunuliwe tena, fundi alipwe tena. Hesabu hiyo wanaolalamika hawakuifanya. Mimi niliifanya pale pale mchangani.

Tangazo lilitolewa Ijumaa mbili mfululizo baada ya sala. Liliwekwa kwenye kundi letu mara tatu. Kina mama walipika kuanzia alfajiri. Saa mbili asubuhi walikuwapo wanachama kumi na mmoja, na wanne kati yao ni wazee ambao haikustahili hata washike kamba. Watu saba hawavuti mashua ya futi 24! Tulingoja saa moja. Nilituma watu majumbani. Tukaambiwa huyu yuko hotelini kazini, huyu kapeleka wageni kuzamia, huyu amelala. Sikatai, kila mtu ana riziki yake. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kuanza kurudi.

Ndipo nikawaita vijana waliokuwa wakipakua mchanga pale jirani. Thelathini na sita, kila mmoja 10,000, jumla 360,000. Chakula cha nyongeza 70,000. Kwa hiyo kushua kumegharimu 430,000. Katiba yetu, kifungu cha 14, inampa mwenyekiti ruhusa ya kutumia hadi 500,000 kwa dharura na kutoa taarifa kamati ijayo. Nilitoa taarifa hiyo. Kikao hicho wajumbe watatu kati ya tisa ndio waliohudhuria, na hao waliokosa ndio wanaosema hawakuambiwa.

Kuna mzee wetu mmoja, namheshimu sana, aliyesema chombo kilichoshuliwa kwa ujira hakina baraka. Nilikwenda nyumbani kwake nikazungumza naye. Dua ilisomwa, ubani ulifukizwa, halua na kahawa vilikuwapo, na wazee wanne wa chama hiki waliweka mikono yao kwenye fashini. Najua kwamba kushua ni kazi ya mji mzima, na mimi nimelelewa katika hilo. Zamani mtu akisikia nyimbo za kuvuta anaacha alichonacho anakimbilia pwani. Naipenda mila hiyo kuliko wengi wanaonisema. Lakini mila ya kuvuta inataka watu wa kuvuta. Mashua imeelea alasiri ile ile, haikunywa maji ila yale ya kawaida ya siku ya kwanza, mnunuzi ametoa 500,000 yake, na hivi sasa inavua.

Hesabu zake ni hizi. Mashua imeuzwa 11,000,000. Mbao na kuzisafirisha 5,200,000, mafundi 2,600,000, misumari, pamba, shahamu, rangi na tanga 1,050,000, kushua 430,000. Imebaki 1,720,000, na fedha hizo ndizo zilizolipa makuti ya paa mlilokalia chini yake.

Maana ada hazikulipa kitu. Tuko wanachama 83 kwenye daftari, ada ni 5,000 kwa mwezi, yaani tulitarajia 4,980,000. Waliokamilisha ni 27. Waliolipa nusunusu ni 31, na michango yao yote pamoja haizidi 540,000. Ishirini na watano hawajatoa hata shilingi. Tumekusanya 2,160,000, tunadai 2,820,000. Katika hao ishirini na watano wapo ambao vyombo vyao vimetiwa kalafati bandani kwa bei ya mwanachama. Sitataja majina leo. Mweka hazina anayo.

Linaloniuma zaidi ni vijana. Sote tunaona boti za faiba zinavyoongezeka pwani, na mvuvi anayepewa boti ya faiba hatarudi kuagiza mashua. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, ulikuwa ukipita bahari hii yote. Ulipokuja kuundwa mmoja ukawekwa Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho la mjini, watu walikwenda kuutazama kama kitu cha ajabu, na jumba lenyewe likaanguka upande mmoja Disemba 2020. Mashua na ngalawa sitaki zifike huko. Wale vijana sita wanajua sasa kupima mkuku, kuchagua taruma, kugonga pamba isizidi wala isipungue. Darasa hilo nilipolianzisha niliambiwa napoteza mbao. Ngalawa ya pili wameiunda wao, fundi akiwa amekaa pembeni.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuunda mashua nyingine endapo mnunuzi atapatikana. Tunafikiria kuomba mkopo kupitia mipango ya uchumi wa buluu, na kuzungumza na hoteli ya jirani ili njia yetu ya kushukia majini isizidi kubanwa. Pia iko nia ya kununua winchi ya mkono.

Naomba kikao kijadili mfuko wa kushua, 10,000 kwa kila mwanachama kwa mwaka, arejeshewe atakayefika kuvuta. Wenye madeni ya ada wamwone mweka hazina kabla ya kuondoka. Yuko mlangoni na stakabadhi anazo.

Wabillahi tawfiq.

Mwenyekiti