Tusifunue mawe ya Hawksbill

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako, ambalo wengi wetu tuishio Virginia, Marekani, hulisoma kwa simu, niseme na wazazi wenzangu wanaopeleka watoto katika Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah siku za mapumziko.

Majuzi tulipanda mlima Hawksbill asubuhi baada ya mvua. Mwanangu aliinua jiwe kando ya njia, na chini yake alijikunja mnyama mwembamba kama penseli, mweusi mwenye mstari mwekundu mgongoni, ngozi imelowa inang'aa. "Baba, mjusi!" akasema, mkono umeshanyooshwa, nikamdaka kiganja. Kwetu Afrika Mashariki hatuna salamanda hata mmoja, kwa hiyo si ajabu tukamwita mjusi, ilhali huyu ni jamaa ya chura.

Salamanda wa Shenandoah hapatikani popote duniani isipokuwa kwenye vilele vitatu vya hifadhi hiyo, yaani Hawksbill, Stony Man na The Pinnacles, na tangu mwaka 1989 serikali ya Marekani imemweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hana mapafu, hewa huipata kwa ngozi na utando wa kinywa, na ngozi ikikauka hapumui. Wala hapitii hatua ya kiluwiluwi majini, kwani watoto wake huanguliwa nchi kavu, penye unyevunyevu, wakiwa tayari na umbo la wazazi. Jiwe likipinduliwa likaachwa juani, unyevu huo hutoweka.

Salamanda wa mgongo mwekundu, aliyeenea mashariki mwa Marekani na anayefanana naye mno, ameukalia udongo mzuri wenye kina, na huyu wa Shenandoah amebanwa kwenye miteremko ya mawe. Joto likizidi hana pa kupanda, kwa kuwa Hawksbill, wenye mita 1,235, ndio mlima mrefu kuliko yote hifadhini.

Nawasihi wazazi wenzangu tubaki njiani, tusipange minara ya mawe kwa ajili ya picha, na tusiwashike wanyama hawa kwa mikono iliyopakwa dawa ya mbu. Mtoto akiwa ameshafunua jiwe, alirudishe taratibu pale pale, mnyama akiwa pembeni, amwache ajipenyeze mwenyewe chini yake, kama alivyofanya yule wetu.

Mzazi,
Harrisonburg, Virginia