Juni imefika, wolai hawali? Wamehama tu

Kila Juni ikiingia, swali kwenye duka letu la chambo huwa moja: "Mbona mwezi uliopita tulivua palepale ukingoni, na sasa hatupati kitu?" Wanaouliza wengi ni ndugu zetu wa Minneapolis na St. Paul, waliopakia watoto garini wakaja hadi ziwa Mille Lacs, hapa Minnesota, wakarudi ndoo tupu. Inatuuma, maana samaki wanaowatafuta, wolai (kwa Kiingereza "walleye"), wapo.

Wolai hutaga mara barafu inapoyeyuka, kwenye changarawe za kina kifupi. Msimu ukifunguliwa katikati ya Mei, wengi bado hawajaenda mbali na nchi kavu. Maji yakipata joto hufuata chakula, na hapa Mille Lacs chakula kingi kiko kwenye miinuko ya tope katikati ya ziwa, kina cha mita 6 hadi 8. Ndani ya tope hilo huishi viluwiluwi vya wadudu ambao mwezi Juni huibuka kwa wingi, wakapata mabawa na kujaa hadi kwenye kuta za nyumba. Aliyekulia Mwanza au Kisumu ameshaona mawingu ya wadudu juu ya ziwa. Hawa ni wa jamii nyingine. Wolai hula viluwiluwi hivyo wakashiba, ndiyo maana chambo kikubwa kinachokwenda mbio hawakijali. Tumia ruba mmoja, ndoano ndogo, chubwi jepesi na boya, kisha tulia. Ruba mtupe kwenye kingo za miinuko, siyo juu yake tu.

Saa nayo ina uzito. Jicho la wolai lina utando wa ndani unaorudisha mwanga, hivyo gizagiza linampa nguvu juu ya vidagaa. Jua la Juni huku huzama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo anayefunga virago saa kumi na mbili jioni ameondoka kabla ya karamu. Mchana, tafuta upande unaopigwa na upepo: mawimbi hupunguza mwanga unaopenya. Lakini ziwa hili ni pana na kina chake si kirefu, mawimbi hupanda haraka. Jaketi la kuokolea livaliwe na kila mtu. Kwa mtoto chini ya miaka 10, chombo kikiwa mwendoni, ni sheria ya Minnesota.

Huna mashua? Usikate tamaa. Blugili ("bluegill"), samaki wadogo bapa, wanatagia ukingoni wakati huu, na nyungunyungu chini ya boya humfurahisha mtoto yeyote. Tunawasihi jambo moja: dume kubwa linalolinda kiota lirudisheni majini. Likiondoka, mayai huliwa na samaki wengine upesi sana.

Leseni ni lazima kuanzia miaka 16. Mille Lacs ina kanuni zake, tofauti na maziwa mengine, na hubadilika. Hata saa za kuvua zimewahi kuwekewa mipaka. Ulizeni kwanza, tutawasomea kwa Kiswahili. Chambo kilichobaki kitupwe kwenye taka, kamwe si ziwani, na mashua itolewe kizibo imwage maji kabla ya kuingia barabarani.

Anayetaka kwenda na mwongoza mashua wetu atuarifu mapema. Tunaondoka jioni, na ruba wapo kwenye friji.